Filamu ya maisha ya bondia: ngumi zionekane za kweli bila kuumizana

MwanaUyole:
Wakuu, tunaandaa filamu ya maisha ya bondia wa miaka ya 1970. Tunapiga picha Mbeya mjini mwezi Julai, ukumbi wa kukodi kule Mwanjelwa. Kamera moja, lenzi ya mm 35 na ya mm 85. Kwenye majaribio ngumi zinaonekana za maigizo na damu inatoka pinki. Waigizaji wanataka wapigane kweli. Mnashaurije?

KonaNyekundu:
Kupigana kweli msikubali kabisa. Mbali na hatari ya kichwa, ngumi ya kweli ni fupi na ya haraka, kamera inaikosa. Halafu mkirudia mara nane, mtu amevimba uso kwenye raundi ambayo hadithi inamtaka mzima.

Tatizo lenu ni mahali kamera iliposimama. Ikikaa ubavuni, kila mtu anaona upenyo kati ya glavu na shavu. Iweke nyuma ya bega la anayepigwa, au nyuma ya anayepiga, mbali kidogo, na mm 85. Lenzi hiyo inavuta vitu vikaribiane, kwa hiyo ngumi inayopita sentimita 20 mbele ya uso inaonekana imetua. Anayepigwa ageuze kichwa kufuata uelekeo wa ngumi, glavu ikiwa inapita. Wengi wanageuka mapema kwa sababu wanajua inakuja, na hapo ndipo uigizaji unapoonekana.

Pangeni ngumi 4 hadi 6 kwa kila picha, mhesabu kwa sauti, taratibu kwanza. Mazoezini glavu za aunsi 16, kwenye picha za pambano 8 au 10 kulingana na uzito.

DadaVipodozi:
Damu: chemsha sukari vikombe 2 na maji kikombe 1 mpaka iwe shira, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo kidogo, ukianza na robo kijiko cha chai. Kakao ndiyo inayoondoa upinki. Ikizidi, damu inakuwa kahawia kama iliyokauka. Rangi hiyo haitoki kirahisi kwenye kitambaa, andaeni kaptura kadhaa zinazofanana.

Jasho: glisarini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Isiingie machoni. Matone yanayoruka ngumi ikitua ni maji tu: lowesha nywele kwa sponji sekunde chache kabla, na taa kali iwe nyuma ya anayepigwa. Bila taa ya nyuma hayaonekani hata ukimwaga ndoo.

Mnyalu_Kamera:
Julai hapo Mbeya usiku mvuke unatoka mdomoni. Kama pambano ni la Dar es Salaam, mtazamaji hataamini, kwa hiyo pigeni mchana, ukumbi ukiwa umepata joto. Maji ya sponji yawe vuguvugu na mablanketi yakae kando ya ulingo. Waigizaji wanaotoka pwani wafike siku kadhaa kabla, mji uko mita kama 1,700 juu ya bahari na pumzi zitawakata.

Umeme wetu ni hezi 50: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zitachezacheza kwenye picha.

KonaNyekundu:
Kama kuna pambano la ubingwa wa dunia, miaka hiyo yalikuwa raundi 15. WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) ilishusha hadi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim, bondia wa Korea Kusini aliyekufa kwa majeraha ya ulingoni, Novemba 1982. Kadi za raundi na maneno ya mtangazaji viendane na hilo.

MwanaUyole:
Asanteni sana. Na vibali?

Mnyalu_Kamera:
Bodi ya Filamu Tanzania, mapema, mkiwa na mswada. Ridhaa ya familia ya bondia iwe ya maandishi, isainiwe kabla hamjakodi ukumbi.