Ukuta wa watoto Jumamosi

Mama Mapacha 18:41
Jamani habari za jioni. Jumamosi saa 2 asubuhi ukutani bila kukosa. Nataka majina ya wanaokuja, brashi, ndoo na NGAZI. Msinijibu kwa dole gumba tafadhali

Mjomba 18:42
👍

Mama Mapacha 18:42
Nilijua tu

Mama Mapacha 19:35
Mmesoma wote, tiki za bluu naziona. Fundi?

Fundi 20:02
Nipo dada. Ule ukuta una rangi ya mafuta ya zamani, ukipaka ya maji juu yake hivihivi itabanduka kama ngozi ya nyoka, lazima tupige msasa ndo tupake praima ikauke. Ijumaa nahitaji watu 2 wenye mikono. Na watoto ni rangi ya maji tu, sitaki thina karibu yao

Kaka wa Kona 20:04
Mikono ninayo ila ni ya rimoti 😂

Mama Mapacha 20:05
Mimi sitanii. Michoro tayari, Mwalimu anaipigia miraba midogo kwenye karatasi na mikubwa ukutani, watoto wanahamisha mraba kwa mraba wenyewe. WENYEWE

Shangazi 20:20
Na ile ya watu wazima wasio na sura, kila shingo imebeba simu? Katikati katoto kameshika ndala mkanda unaning'inia. Wapita njia watatuonaje, si wachore vipepeo tu

Kaka wa Kona 20:21
Yule mwenye kitambi ni Mjomba kabisa 😂😂

Mjomba 20:22
Kitambi sawa, ila simu yangu haijapasuka hivyo

Kaka wa Kona 20:22
Tuma picha

Mama Mapacha 20:24
Vipepeo vilishachorwa Shangazi, usiku, juu ya kazi za watoto. Tunajua na nani

Shangazi 20:26
Kumbe bado! Si tulikaa tukasema yameisha?

Mama Mapacha 20:29
Mlisema nyie. Pacha wangu mmoja hajashika brashi tangu siku ile. Na hii si fadhila, mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 kifungu cha 12 mtoto ana haki ya kutoa maoni kwa yanayomhusu, cha 13 kimetaja hadi sanaa

Kaka wa Kona 20:30
Ukifika cha 54 utuamshe

Mwalimu 22:48
Samahani nimechelewa. Fomu za ruhusa ya kupiga picha nimerudishiwa 4 tu. Mtoto asiye na fomu simpigi

Babu 05:12
Nimesoma yote. Rangi ya vipepeo nilimpa mimi, shangazi yenu mwacheni. Yule mwenye miwani pembeni ni mimi. Alinijia na hiyo ndala nikamwambia subiri, nikasahau. Ichorwe.

Mama Mapacha 06:03
Shikamoo Babu. Sawa Babu

Shangazi 07:40
Sawa Baba. Ila pembeni kibaki kipepeo kimoja

Mama Mapacha 07:41
Kamuulize mwenye mchoro

Fundi 09:15
Mpaka sasa Ijumaa nina mtu 0. Na ngazi je?

Kaka wa Kona 09:16
Ngazi si iko kwa Mjomba tangu mwaka ule

Mjomba 11:52
👍