Naenda Arua wiki mbili, nijipange vipi?

fundi_pampu
Ndugu zangu, nimepata kazi ya kutengeneza pampu za visima nje kidogo ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Januari. Mimi mtu wa Jinja, sijawahi kuvuka daraja la Karuma, pale Mto Nile. Kilugbara sijui hata neno. Kiganda ninacho, na Kiswahili nilikiokota Busia. Basi la usiku au la mchana? Na Kongo naweza kuchungulia nikarudi siku hiyohiyo?

mzee_wa_vurra
Karibu kwetu, kijana. Panda la asubuhi. Ni kilomita kama 480 kutoka Kampala, na la usiku litakupitisha Karuma na Pakwach umelala mdomo wazi. Pakwach, darajani, simu iwe mfukoni. Askari wanaolilinda hawataki picha, na basi zima litakulaumu wewe.

Kiganda chako kiache Jinja. Hatukichukii, ila ukianza nacho sokoni bei inajua umetoka wapi. Kiswahili kitakubeba, maana wengi wetu tulikipata ukimbizini. Amin alipoanguka 1979, watu wa huku walimiminika Zaire na Sudan. Mimi nimezaliwa Aru, ng'ambo ya mpaka, Kongo, 1981. Tuliporudi nilikuwa najua Kiswahili na Kilingala. Bibi akinisemesha Kilugbara namkodolea macho tu. Ukisikia "mi ngoni?" unajuliwa hali. Kushukuru ni "awa'difo".

Nilipofika miaka kumi na mitano nikawa Opec. Ndiyo, tulijiita hivyo, vijana wa petroli ya magendo. Ilivuka kwa baiskeli, madumu yamefungwa kwa mpira wa tairi. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kwa mrija: unanyonya, unabana kwa kidole, unashusha kwenye chupa ya soda. Ukichelewa kubana, umeimeza, na siku nzima unacheua petroli. Mama alikuwa ananinusa mlangoni kabla ya kunipa chakula. Siku hizi vituo vya mafuta viko kila kona, sijui wenzangu wanauza nini.

Kongo nenda, ila ulizia hali kwanza. Vurra, pale mpakani, si mbali kwa boda. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukishavuka, pikipiki inahamia mkono wa kulia, na saa inarudi nyuma saa nzima. Hili la saa limeniumiza. Nilikaa Aru kwa binamu, saa ya ukutani inasema kumi na moja jioni, nikaona muda upo. Kumbe Vurra ni kumi na mbili, kizuizi kimeshushwa. Nililala barazani kwa mama muuza samaki, nimejifunika vitenge nilivyomnunulia mke wangu. Vilifika nyumbani vinanuka angara. Alivifua mara tatu, hakuvivaa.

Angara yenyewe lakini usiikose! Samaki mkavu kwa mchuzi wa karanga, na enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama. Ukiomba posho, ugali wa mahindi, watakupa, watakucheka ukiondoka.

dada_wa_kitenge
Mzee, na mkeo alikuwa na haki. Fundi, usivuke kwa ajili ya kitenge. Soko la Arua mjini limejaa cha Kongo, na hakuna kulala barazani. Lowesha kidole usugue kona ya kitambaa. Rangi ikibaki kidoleni, rudisha. Nunua yadi 6 kamili, na uzione zikipimwa. Januari ni vumbi jekundu, usije na shati jeupe.

fundi_pampu
Awa'difo wote. Nitapanda la asubuhi. Hiyo saa, simu si itajibadilisha yenyewe?

mzee_wa_vurra
Itajibadilisha hata ukiwa bado Vurra, upande wetu, ikinasa mtandao wa ng'ambo. Halafu inajirudisha, halafu tena. Mimi navaa ya mkononi.