Naomba ushauri: mzee amepungukiwa chuma, anaogopa vidonge kwa sababu ya saratani

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mzee wangu ana miaka 66. Mwezi wa nne sasa anachoka ovyo, ngazi chache tu anahema. Tulipompima, damu ilikuwa 7.8 na ferritini 6, yaani akiba ya chuma imekwisha kabisa. Malaria hana, minyoo hana. Akapewa vidonge vya chuma. Wiki sita baadaye damu imefika 8.4 tu. Choo ni cheusi, ila tuliambiwa vidonge vyenyewe hufanya hivyo, kwa hiyo hatujui kama ni vidonge au ni damu inavuja tumboni.

Sasa shemeji kasoma mahali kwamba chuma hulisha seli za saratani. Mzee kaogopa, vidonge kavificha chini ya godoro (nimevikuta juzi natandika). Mimi hofu yangu ni nyingine: mwanaume wa umri huu damu inapotelea wapi, kama si tumboni?

Je, tuombe kipimo cha kamera ya utumbo mpana sasa hivi, au tusubiri dozi iishe? Na akiendelea kumeza chuma kabla hatujajua kama kuna uvimbe, kuna madhara? Daktari, au aliyepitia hili, anisaidie.