Mkojo wa paka kwenye zulia: nimefua, nimeanika, nimefukiza udi, harufu bado ipo

BintiNgamiani
Salaam wote. Nina zulia la futi 6 kwa 9, zito, mama mkwe alikuja nalo kutoka Maskati. Paka wangu Shombo (jina limemkaa), dume wa mwaka na miezi, ameamua kona ya kabati la TV ndiyo choo chake. Nimesugua kwa sabuni ya unga, nikalianika ukutani kutwa nzima, likakauka, nikashukuru Mungu. Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku. Asubuhi harufu ikanipokea mlangoni. Nikapiga klorini, ile ya kufulia mashuka meupe. Macho yakatoka machozi, zulia likabaki na baka jeupe. Sasa nafukiza udi kila magharibi. Jirani kaingia juzi, akavuta pumzi, akasema, "Mh, kuna udi, na kuna kingine." Mama mkwe anakuja mwezi ujao na pale ndipo anaposwalia. Nisaidieni.

KakaWaMakorora
Zulia mwachie Shombo, wewe nunua mkeka. 😂

MzeeWaBrashi
Dada, naosha mazulia Magomeni mwaka wa 11 huu. Klorini iache leo hii. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na klorini inatoa gesi inayochoma macho na kifua. Wala siki usiimwage hapo kabla hujasuuza kwa maji mengi, maana nayo na klorini haviivi chungu kimoja, ni gesi nyingine mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye harufu. Wewe unaosha juu, mkojo uko chini. Juu doa ni kisahani, geuza zulia utakuta ni sinia. Halafu mkojo wa paka una asidi ya yuriki. Ikikauka inaganda chembechembe, na maji na sabuni haziziwezi. Kukiwa kukavu zimetulia; hewa ikipata unyevu zinaamka. Jua lilikudanganya tu. Mimi wateja wa harufu hunipigia masika, kiangazi napigiwa za mchuzi na soda.

Leo usiku nenda kwa Mangi wako wa dukani, muombe kile kitochi cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Zima taa, shusha mapazia, mulika karibu karibu. Mkojo mkavu unang'aa kimanjano. Ukiona buluu usitishike, sabuni ya unga nayo hung'aa. Zungushia chaki kila unapopaona, kisha funua zulia umulike na sakafu. Kama ni saruji tupu bila vigae, nayo imekunywa.

Dawa yenyewe ni ya vimeng'enya (enzaimu, zinazovunja zile chembechembe), waulize wanaouza dawa za mifugo au vyakula vya mbwa na paka. Jaribu kwanza pembeni uone kama rangi inatoka. Usinyunyize kama marashi, mwaga mpaka ifike mgongoni, funika na nailoni ilale hivyo hadi asubuhi. Ikikauka mapema imekwenda bure. Kisha suuza, kanyagia taulo kuukuu likamue maji, tundika zulia lipate upepo pande zote mbili. Maji ya moto na mashine ya mvuke, hapana, joto linaishindilia harufu kwenye nyuzi.

BintiNgamiani
Fundi, nimemulika. Nilidhani ni kona moja, kumbe ni sehemu tatu! Na pazia pia, chini kidogo ya goti, michirizi inateremka. Nimekaa gizani na kitochi cha Mangi nacheka peke yangu kama mwehu.

MsaidiziWaMifugo
Hiyo ya pazia si kwenda haja, dada. Dume anaweka mipaka yake: anasimama, anainua mkia, anarusha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe, wengi hupunguza au huacha kabisa. Usipofanya hivyo, fundi atakuwa anakuoshea zulia kila mwaka. Ila mchunguze: akichuchumaa mara kwa mara na kutoa tone tone, au damu, au asitoe kitu, huenda mrija wa mkojo umeziba. Mpeleke siku hiyo hiyo, dume huweza kufa kwa hilo. Na sanduku lake la mchanga lizolewe kila siku, paka ana kinyaa kutuzidi.

MzeeWaBrashi
Pazia lifue kwa dawa ile ile. Na pale sakafuni rudia mara mbili.

BintiNgamiani
Nimerudi, wiki ya tatu. Sakafu nilirudia mara mbili, zulia mara moja. Shombo kahasiwa, alininunia siku mbili. Jana usiku imenyesha ya kutisha. Alfajiri nimelala kifudifudi, pua nimeizika kwenye ile kona: vumbi, na sabuni kwa mbali, basi. Baka jeupe halijaondoka, nimeliwekea stuli. Mama mkwe anafika Alhamisi.

KakaWaMakorora
Stuli usiisogeze.