Naomba ushauri: AOL, CompuServe, Prodigy na Netscape, nilinganishe vipi kwa wanafunzi?

Mwl_Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kompyuta kidato cha tatu. Klabu yetu ina maonesho mwezi ujao, nataka wanafunzi waone jinsi watu wa kawaida Marekani walivyoingia mtandaoni miaka ya 1990. Ninayo kompyuta ya Windows 95 inayowaka vizuri na CD ya AOL niliyoletewa na shemeji. Nimechora jedwali la AOL, CompuServe, Prodigy, Netscape na Internet Explorer ili waamue kipi kilikuwa bora, lakini halikai sawa. Kwa mfano, Netscape niiandikie ada gani ya mwezi? Nisaidieni.

KakaModemu
Mwalimu, hapo kuna vitu vya aina mbili. AOL, CompuServe na Prodigy ni huduma: unalipia, modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) inapiga namba ya kampuni, ukishaingia unakuta barua, habari, michezo na soga, vyote vyao. Ni kama kisimbuzi, unaangalia chaneli alizokuwekea mwenyewe. Netscape na Explorer ni vivinjari, programu za kufungulia kurasa za wavuti, na wavuti haina mwenyewe. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya ilikobuniwa, iliiachia dunia nzima bure tarehe 30 Aprili 1993. Tengeneza majedwali mawili.

DadaOhio
Shikamoo mwalimu. Naishi Columbus, mji ilikozaliwa CompuServe mwaka 1969, ikianza kwa kukodisha muda wa kompyuta kubwa. Watu wa kawaida walifunguliwa mlango 1979. Mteja alitambulika kwa namba ndefu yenye mkato katikati, si jina. GIF, aina ya faili za picha, nazo zilitoka huko, 1987, kwa sababu walihitaji picha za rangi zinazobanwa zipite kwenye laini za taratibu.

Ushauri wangu: safu ya kwanza ya jedwali la huduma iwe malipo, maana ndiyo yaliyoamua watu watumieje. CompuServe ilihesabu saa, kwa hiyo wengi waliandika barua kabla ya kuunganisha, wakaituma, wakakata. Prodigy ya IBM na kampuni ya maduka ya Sears ilianza na ada moja ya mwezi, na matangazo yalikaa chini ya skrini. Watu walipozidi kuandikiana, ikaanza kutoza senti 25 kwa kila barua iliyozidi 30 kwa mwezi. Wateja wakachachamaa. Kisha Desemba 1996 AOL ikaacha kuhesabu saa, ukalipa dola 19.95 kwa mwezi basi. Watu wakaingia wakagoma kutoka, laini zikawa bize usiku kucha, na mwanzoni mwa 1997 kampuni ikalazimika kukubali kuwarudishia wateja fedha. Hapo utapata mjadala mzuri darasani kuliko kuuliza kipi bora.

Mtata_Moro
Naafiki, ila msitenganishe mno. Machi 1996 AOL ilitangaza mkataba na Netscape, kesho yake ikatangaza mwingine na Microsoft: Explorer iwe kivinjari cha ndani ya AOL, na AOL ipate alama yake ndani ya Windows 95. Mamilioni ya wateja wakapewa Explorer bila kuichagua. Kwangu mimi Netscape ya wakati ule ilikuwa bora, na iliumizwa hapo zaidi ya kwenye ubora. Mchoree mshale unaounganisha majedwali yako.

Mwl_Kilosa
Marahaba dada, na asanteni wote. Malipo sikuwa nimeyafikiria kabisa. Sasa hii CD, nikiiweka itafanya kazi?

KakaModemu
Itajisakinisha na utaona skrini ya kuingilia, basi. AOL ilizima huduma ya kuingia mtandaoni kwa laini ya simu tarehe 30 Septemba 2025. Tumia Netscape, ila usijaribu tovuti za leo, usimbaji wa https, yaani ufichaji wa data unaotumiwa na tovuti za sasa, utaishinda. Andika ukurasa mwepesi wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, uweke kwenye diski, uufungue kutoka hapo. Weka na picha ya kilobaiti 100, wanafunzi wapige hesabu: modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde ingeileta kwa sekunde 28 hivi. Wakae kimya wahesabu hizo sekunde.

DadaOhio
Na angalia betri ndogo kwenye ubao mama kabla ya siku yenyewe, nyingi ni CR2032. Ikiisha, kompyuta za umri huo husahau mpangilio wa diski zikakataa kuwaka mbele ya wageni.