Mauser 98 na Remington 700: huu muda wa kufyatuka una tija yoyote?

Mkaazi_wa_Wete
Assalaam alaykum. Wajuzi wa bunduki za bolti (kile chuma cha kufungia nyuma ya mtutu kinachovutwa kwa mkono), naomba mnisaidie. Kuna bunduki ya Mauser 98 ya risasi za aina ya .30-06, ina kibali, huvuka bara wakati wa kuwinda na siku nyingine zote inalala kabatini huku Pemba. Fundi anasema muda wake wa kufyatuka, yaani tangu triga iachie mpaka pini iguse fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi), ni mrefu: kama milisekunde 5, wakati bunduki ya Remington 700 ni 2.6 hadi 3. Anataka kuitia pini nyepesi na springi kali. Shabaha ni za mita 100 hadi 150, kwa kusimama au kuegemea mti. Pesa hiyo itaonekana kwenye shabaha, au ni maneno ya kuuzia tu?

Fundi_Ngambo
Waalaykum salaam. Hizo namba fundi hajakudanganya, ila hajakwambia zina uzito gani.

Muda huo unatokana na vitu vitatu tu: uzito wa pini na vyote vinavyokwenda nayo, masafa inayosafiri, na nguvu ya springi. Zidisha masafa kwa mbili, zidisha kwa uzito, gawa kwa nguvu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Chukua pini na mkia wake (kipande cha nyuma kinachokokiwa) gramu 80, masafa milimita 12, springi ya wastani wa nyutoni 80: inakuja milisekunde 4.9. Hiyo ndiyo Mauser. Sasa weka gramu 55, milimita 6, nyutoni 100: unapata 2.6. Ndiyo 700 hiyo. Mfumo wa 1898 ulitengenezwa kwa vita, uwashe fataki yoyote hata kwenye matope, kwa hiyo pini yake ni nzito na inatoka mbali. Remington ya 1962 ina mwendo mfupi.

Tazama kipeuo kinavyokunyima faida. Ukipunguza gramu 20 kwenye Mauser unashuka kutoka 4.9 hadi 4.2. Ukiongeza springi kwa robo nzima unafika 4.4. Hizi ndizo milisekunde unazouziwa.

Kwenye shabaha je? Mtu aliyesimama, tuseme mtutu wake unatangatanga sentimita 30 kwa sekunde kwenye umbali wa mita 100. Tofauti ya Mauser na 700 ni milisekunde 2.3. Mtutu umesogea milimita 0.7, na tundu la risasi yenyewe lina karibu milimita 8. Mnyama anayekimbia mita 10 kwa sekunde atakuwa ameshasogea sentimita 2.3, lakini risasi yako inatumia kama sekunde 0.13 hewani kufika mita 100, na humo yeye keshapiga mita 1.3. Anayekosa mnyama mbioni kakosea kumtangulia, Mauser haina kosa.

mshenga_wa_shabaha
Hesabu siipingi, lakini naona umeacha kitu. Kabla risasi haijatoka mtutuni, gramu 80 za chuma zimeshagonga mbele kwa kishindo. Bunduki inashtuka yenyewe. Pini nyepesi yenye mwendo mfupi inashtua kidogo zaidi, na hilo ndilo wapigaji wa shabaha wanalolinunua, wala si milisekunde.

Kwenye bunduki ndogo ya .22 jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu risasi ni ya polepole na inakaa mtutuni kama milisekunde 2.6, ukilinganisha na 1.2 hivi za risasi kubwa ya .308. Jumlisha na muda wa kufyatuka, upate dirisha ambalo kila mtikisiko wa kidole unaandikwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi ya mita 50 duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, basi hata vitu vidogo vinahesabiwa. Kwa mwindaji wa mita 100, hapana.

Njia ya kujua bure: bunduki ikiwa tupu, tena hakikisha mara mbili, tia chemba risasi ya bandia isiyo na baruti wala fataki hai, egemeza vizuri, mwenzio aweke sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo. Fyatua. Ikianguka, jitazame kidole kwanza. Ukishaizoea na bado inaanguka, ndipo ulaumu pini.

Fundi_Ngambo
Hapo kwenye kishindo nakubaliana nawe. Ila muulizaji asidhani springi kali itapunguza kishindo, itakiongeza. Tena kuinua mpini wa bolti kutakuwa kazi.

Na jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: nguvu ya kugonga ni nguvu ya springi mara masafa. Uzito wa pini haumo. Mauser kwenye hesabu ya juu inagonga kwa jouli 0.96, mwendo mfupi wa milimita 6 kwa nyutoni 100 ni jouli 0.6. Kwa hiyo kupunguza uzito hakupunguzi nguvu, lakini kufupisha masafa kunapunguza. Akikufupishia mwendo bila kuongeza springi, utaanza kuona fataki zenye shimo la kina kifupi, kisha zisizowaka. Mbaya zaidi ni ile inayochelewa kuwaka: usifungue bolti, elekeza mtutu mahali salama, subiri angalau sekunde 30, hata dakika nzima ni heri.

Mkaazi_wa_Wete
Shukran. Basi hiyo pesa niiweke wapi? Na hii hewa ya chumvi haipunguzi chochote?

Bandarini_Mkoani
Yakhe, hewa ndiyo mwizi wa kweli. Grisi nzito ikikaa ndani ya bolti miezi inageuka gundi, na springi yenye kutu inakwaruza ukuta wa bolti. Hapo muda wako haurefuki tu, unabadilika kila risasi, na fataki zinagongwa kwa nguvu tofauti, basi kasi ya risasi nayo inayumba. Mauser safi ya milisekunde 5 ni bora kuliko 700 iliyogandamana.

Kuifungua ni rahisi. Ikiwa imekokiwa, simamisha bawa la usalama wima, toa bolti. Bonyeza kile kipini kidogo pembeni ya kifuniko cha nyuma, zungusha kifuniko hadi kitoke na pini yake. Tia ncha ya pini kwenye tundu la kipande cha mbao, usiweke juu ya sakafu ya saruji, sukuma kifuniko chini kuibana springi, zungusha mkia wa pini robo duara, uondoe. Shika kwa nguvu, springi hiyo inaruka. Osha kwa mafuta ya taa pamoja na ndani ya bolti, kausha kabisa, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Filamu tu, isidondoke. Springi iliyoliwa na kutu au iliyosinyaa ukiilinganisha na mpya, nunua ya nguvu ileile ya asili. Kipindi cha masika fanya hivyo kila mwezi, na kabatini usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, unanyonya unyevu.

Pesa itakayobaki, triga. Ile ya kijeshi ya hatua mbili (inavutika kwanza kwa ulaini, kisha inakaza kabla ya kuachia) ikisafishwa na fundi anayejua, ivutike sawasawa bila kukwama, utaona tofauti mita 100 kuliko pini yoyote.

Mkaazi_wa_Wete
La mwisho: pini itokeze kiasi gani usoni mwa bolti?

Fundi_Ngambo
Pima pini ikiwa imeshashuka mbele, kwa venia kalipa (kipimo cha urefu mdogo chenye taya mbili): milimita 1.4 hadi 1.65. Chini ya hapo haiwashi vizuri, juu yake inatoboa fataki na gesi inarudi usoni mwako. Ncha iwe duara na laini. Ukiona imechongoka au imechimbika, badilisha, usiisugue kwa tupa.