Kokteli ya kichawi ya Halloween kwa dawa za kale za majani: nini kitiwe, nini kiachwe?

Chungu_Cheusi
Habari wakuu. Naandaa kinywaji cha Halloween kwa watu 12, na mada ni wachawi na waganga wa majani wa Ulaya ya zamani. Sitaki kokteli ya kawaida iliyopakwa rangi; nataka ladha yenyewe itoke kwenye dawa zilizokuwa zikitumika kweli.

Mpango nilionao: jin 60 ml, shira ya elderberi (beri nyeusi za mti wa Ulaya) 30 ml, maji ya limau 20 ml, pakanga kavu iliyolowekwa ndani ya jin usiku kucha, kijiko kidogo cha mkaa wa dawa ili kiwe cheusi, na kipande cha barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) ndani ya glasi kitoe moshi. Pia nayataka yale maua ya bluu ya chai (Clitoria ternatea) yanayogeuka zambarau ukitia kitu kichachu. Vyote hivi vitakaa pamoja? Na ipi ni dawa ya kihistoria hasa, ipi ni mapambo tu?

SikiNaAsali
Mkuu, anza na oksimeli: asali na siki. Imo kwenye maandishi ya tiba ya Wagiriki yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, tabibu Galen naye aliitumia, na kwa karne nyingi ndiyo iliyobeba majani machungu yasiyomezeka yenyewe. Kwenye kokteli faida yake ni kwamba uchachu na utamu vinakuja pamoja, kwa hiyo limau linapungua na huna haja kabisa ya shira ya sukari.

Kwa watu 12:

Asali nyepesi gramu 200, siki ya tufaha (asidi 5%) 200 ml, thaimu mbichi gramu 15, seji mbichi gramu 8. Kama una majani makavu, tumia theluthi moja ya uzito huo. Njia ya taratibu: kila kitu kwenye chupa ya kioo, acha wiki mbili gizani, tikisa kila siku, kisha chuja kwa kitambaa. Kifuniko kisiwe cha chuma kitupu. Siki itakila na ladha ya kutu itaingia. Weka karatasi ya kuokea katikati au tumia kifuniko cha plastiki.

Njia ya haraka: pasha siki hadi nyuzi 60 hivi, ondoa motoni, tia majani, funika dakika 30, chuja, kisha koroga asali ikiwa vuguvugu. Usichemshe siki. Harufu ya thaimu itapotea na jiko zima litakuwasha macho. Utapata kama 300 ml.

Seji ndiyo inayowaharibia wengi. Ikizidi, au ikikaa wiki nne badala ya mbili, ukali wake unafunika kila kitu na mdomo unakauka. Ukiwa na wasiwasi, iingize siku tatu za mwisho tu.

Glasi moja: jin 45 ml, oksimeli 25 ml, Strega 15 ml, maji ya limau 10 ml. Tikisa na barafu nyingi sekunde 12, chuja kwenye glasi iliyopoa. Strega ni likeri ya Benevento, Italia, inayotengenezwa tangu 1860, na jina lake lina maana ya mchawi wa kike. Mji huo una hadithi ya wachawi kukusanyika chini ya mti wa jozi, basi mada yako imeshakamilika bila kumtia popo kwenye glasi.

Elderberi nayo ni chaguo zuri: watu wa Denmark waliamini mti huo unakaliwa na Hyldemoer, mama wa mti, na asiyeomba ruhusa kabla ya kukata tawi alitafuta balaa. Ukiitumia, weka shira 10 ml mahali pa limau, maana shira nene ya 30 ml ingefanya kinywaji kiwe dawa ya kikohozi kwa maana mbaya.

MajaniMakavu
Naongezea upande wa usalama, kwa sababu hapa ndipo "mitishamba ya kihistoria" inapoumiza watu.

Mimea yenye jina kubwa zaidi kwenye habari za wachawi wa Ulaya ndiyo isiyotakiwa kugusa glasi: beladona, Hyoscyamus na mandragora. Yote ina sumu ya atropini na ndugu zake. Kinywa kinakauka, mboni zinapanuka, moyo unakimbia, mtu anaanza kuona visivyokuwepo. Hakuna kipimo kidogo cha nyumbani kilicho salama, kwa kuwa nguvu ya majani hutofautiana hata ndani ya shina moja. Digitalis, mmea wa maua yenye umbo la kengele, hali kadhalika: William Withering aliiandikia tiba ya moyo mwaka 1785, lakini pengo kati ya dozi inayosaidia na inayoua ni dogo mno, na majani yake machanga hufanana na ya Symphytum, mtishamba ambao watu huuchuma porini. Mentha pulegium, ingawa ni jamii ya nanaa na inanukia vizuri, ina pulegoni, kemikali ya mafuta yake inayoharibu ini. Ruta, jani chungu la bustani za kale, inaachwa pia. Kama unavutiwa na ile "siki ya wezi wanne" ya enzi za tauni (siki ya majani ambayo hadithi inasema iliwakinga wezi na ugonjwa), chukua rozmari, seji na lavenda, ruta ibaki kwenye hadithi.

Elderberi: beri mbichi, majani na vijiti vyake vina viambata vinavyotoa sianidi. Mwaka 1983 huko California kikundi cha watu kiliugua baada ya kunywa juisi iliyokamuliwa kutoka beri mbichi pamoja na majani na matawi yake. Tumia gramu 100 za beri kavu kwa maji 600 ml, chemsha taratibu dakika 30 bila kifuniko, chuja, pima kimiminika kilichobaki, ongeza sukari ya uzito uleule.

Mkaa wa dawa utoe kabisa. Unanasa dawa tumboni, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za moyo, na mgeni hatakueleza anameza nini. Wala mkaa hauzuii ulevi, kwa sababu hauishiki pombe vizuri. Idara ya afya ya jiji la New York iliukataza kwenye vyakula na vinywaji mwaka 2018. Weusi utaupata kwa shira ya elderberi kwenye glasi pana yenye kina. Chini ya mwanga hafifu hakuna atakayejua.

Pakanga usiiloweke kwenye jin yote. Uchungu wake unatoka haraka na haurudishwi kwa sukari. Loweka gramu 2 ndani ya vodka 100 ml kwa saa 12, chuja, kisha tumia matone mawili kwa glasi. Wajawazito na wenye kifafa wasipewe hata hayo.

kaunta_ya_nyuma
Mapishi ya SikiNaAsali ni sahihi, ila hayaendi na maua ya bluu. Strega ina njano ya zafarani. Njano juu ya zambarau inakupa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Asali nyeusi na siki ya tufaha zinaongeza ukahawia. Chagua moja: kinywaji cheusi chenye elderberi na Strega, au kinachogeuka rangi. Mimi ningechagua cha pili, maana mgeni mwenyewe ndiye anayefanya uchawi.

Loweka gramu 3 za maua makavu kwenye jin 700 ml kwa saa mbili, basi. Ukilaza usiku kucha rangi haiongezeki kwa maana, ila utaonja majani ya kunde. Hifadhi mbali na mwanga, bluu hufifia. Oksimeli itengeneze kwa siki nyeupe ya divai na asali nyeupe kabisa utakayoipata.

Weka jin ya bluu 50 ml na barafu kwenye glasi. Pembeni mpe mgeni kichupa chenye oksimeli 25 ml na limau 10 ml, amimine mwenyewe. Oksimeli ni nzito kuliko jin, kwa hiyo inazama: chini panageuka waridi, katikati zambarau, juu pabaki bluu mpaka akoroge. Oksimeli peke yake mara nyingi huishia zambarau. Limau ndilo linalosukuma hadi waridi. Usitie maji ya toniki kabla, yana asidi ya sitriki na yatakumalizia mchezo jikoni.

Barafu kavu ndani ya glasi ya mtu, hapana. Ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Tumia mabakuli mawili: kubwa lina maji ya uvuguvugu na barafu kavu, dogo limo ndani yake na lina kinywaji. Ukungu unamwagika ukingoni, kinywaji hakiguswi. Shika kwa glavu nene, fungua madirisha kwa sababu inageuka gesi ya kaboni dioksidi inayosukuma hewa, na kamwe usiifunge kwenye chupa.

Moshi wa rozmari ni salama zaidi na unanukia: choma ncha ya tawi kwenye ubao, funika na glasi baridi sekunde 10, geuza, mimina. Ukiacha dakika nzima utakunywa jivu.

Chungu_Cheusi
Shukrani sana wakuu. Mkaa na pakanga ya usiku kucha vimetoka. Swali la mwisho: naweza kuchanganya kile cheusi mapema kwa wote 12? Na wasiokunywa pombe?

SikiNaAsali
Unaweza. Jin 540 ml, oksimeli 300 ml, Strega 180 ml, shira ya elderberi 120 ml. Kwa kuwa hutatikisa na barafu, ongeza maji 280 ml, vinginevyo kitakuwa kikali na kizito. Weka kwenye friji saa nne. Kama utarudisha limau kidogo, likamue siku hiyohiyo. Kila glasi itabeba pombe halisi kama 24 ml, kwa hiyo glasi ndogo, na maji yawepo mezani.

Wasiokunywa: oksimeli 30 ml, shira ya elderberi 10 ml, maji ya soda 120 ml, barafu. Soda iingie mwisho na ikorogwe mara moja tu, la sivyo gesi inakwisha kabla glasi haijafika mkononi.

MajaniMakavu
Na bandika lebo kwenye majagi. Vyote viwili vitakuwa vyeusi.